Jinsi ya Kuwa Msanii wa Dhana Chanika Bila Kununua Hata Kopo la Rangi

Kwanza tuelewane: kipaji hakihitajiki. Huhitaji kujua kuchora hata kuku. Wanaojua kuchora kuku, tembo na ndege wenye mikia mirefu wako Oysterbay kwenye mabanda ya Tingatinga, wanaendeleza kazi ya Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kupaka rangi vipande vya ubao mwishoni mwa miaka ya 1960 na kufariki mwaka 1972. Hao wana wateja wao. Wewe wa Chanika, huku pembezoni mwa Dar es Salaam, uliyebaki na deni la Saccos na kieneo cha ishirini kwa ishirini, fani yako ni nyingine. Inaitwa sanaa ya dhana, na masharti yake karibu yote umeshayatimiza bila kujijua.

Katika sanaa ya dhana, kazi yenyewe ni wazo. Kitu unachokiona, kama kipo, ni ushahidi tu kwamba kuna mtu aliwaza. Marcel Duchamp alipeleka choo cha kauri cha kukojolea kwenye maonyesho ya New York mwaka 1917, kakisaini kwa jina lisilo lake. Waandaaji wakakikataa, na wanafalsafa hawajaacha kukigombania hadi leo. Mwaka 1967 Sol LeWitt akaandika katika jarida la Artforum kwamba ukishamaliza kupanga, kazi imekwisha. Kuitengeneza ni shughuli ya kawaida tu. Mwaka 2019 Maurizio Cattelan akabandika ndizi ukutani kwa utepe wa gundi kule Miami, bei dola 120,000. Novemba 2024 toleo moja la ndizi hiyo likapigwa mnada na Sotheby's kwa dola milioni 6.2. Mnunuzi hakununua ndizi, maana ndizi aliila mbele ya waandishi wa habari. Alichonunua ni cheti, pamoja na maelekezo ya kubandika nyingine.

Mtu wa Chanika akisimuliwa habari hizi hashangai. Anauliza tu kama cheti kilikuwa na muhuri wa mwenyekiti wa mtaa.

Nunua kwanza, uone baadaye

Joseph Kosuth alikuwa kijana wa miaka 20 alipotengeneza kazi iliyompa jina, mwaka 1965. Aliweka kiti. Pembeni akaweka picha ya kiti hichohicho kwa ukubwa wake halisi, na upande wa pili maelezo ya neno kiti yaliyokuzwa kutoka kwenye kamusi. Akaiita Kiti Kimoja na Vitatu, kisha akawaachia watu swali: kiti chenyewe ni kipi? Ulaya na Marekani hilo ni swali la darasani. Chanika ni swali la Jumamosi asubuhi, na linaulizwa na mtu aliyekwisha kutoa nauli.

Dalali naye ana vitu vyake vitatu. Cha kwanza ni picha kwenye simu: eneo la kijani kibichi, maana ilipigwa masika yakiisha, na kwa mbali pembeni kuna kitu cheusi kinachong'aa ambacho anasema ni lami. Cha pili ni maelezo: ishirini kwa ishirini, tambarare, dakika kumi kutoka barabarani, umeme upo jirani, shule ipo, hakina mgogoro. Cha tatu ni ardhi. Hii mtaifikia kwa bodaboda, kisha kwa miguu. Mtaikuta imekaa kwenye mteremko wa kushukia bondeni, na katikati yake kuna mkorosho ambao mtoto mmojawapo wa marehemu mwenye shamba anasema uliuzwa bila yeye kushirikishwa. Mwanafunzi wa Kosuth angesimama hapo aulize ukweli uko wapi kati ya vitu hivyo vitatu. Wewe usiulize. Ukiuliza, dalali atakujibu, "Bosi wangu, vyote hivyo ni kimoja," na hapo atakuwa ameifupisha insha nzima.

Kosuth mwenyewe aliandika mwaka 1969 kwamba kazi ya sanaa ni kauli inayojithibitisha yenyewe, kama za hisabati. Haina deni lolote kwa dunia ya nje. Yasome maelezo ya dalali kwa jicho hilo. "Dakika kumi kutoka barabarani" haisemi kwa chombo gani wala barabara ipi. "Umeme upo jirani" ni kweli tupu: nguzo ziko pale kando ya njia, zimelala kwenye majani tangu kampeni iliyopita. Anayekwenda kuyahakiki maneno hayo kwa saa ya mkononi amekosea aina ya fasihi.

Na asikwambie mtu kwamba tumeiga. Mwaka 1973 Michael Craig-Martin aliweka glasi ya maji juu ya kishubaka cha kioo, akatundika maandishi yanayoeleza kwamba ameigeuza glasi hiyo kuwa mti wa mwaloni bila kugusa umbo lake. London wakaona ajabu. Miaka hiyohiyo, pembezoni mwa Dar es Salaam, ardhi tupu haikuhesabiwa kuwa na thamani mbele ya sheria. Kilichotambulika ni kile kilichokuwa juu yake, yaani mazao na majengo, na ilikuwa hivyo mpaka Sheria ya Ardhi namba 4 ya mwaka 1999 ilipobadili mambo. Kwa hiyo watu waliuziana minazi mitano na mikorosho miwili. Ardhi iliyokuwa chini yake haikutajwa bei. Ilifuatana na miti kwa heshima. Craig-Martin alipata mti kutoka kwenye glasi moja. Sisi tuligeuza mashamba mazima kuwa mikorosho, mashahidi wakatia dole gumba, na hakuna jumba la makumbusho lililotutafuta.

Pima kwa mwili wako mwenyewe, au wa dalali

Hapa napenda tukae kidogo, kwa sababu ndipo tulipowaacha mbali wasanii hao wa ng'ambo.

Stanley Brouwn alizaliwa Paramaribo, Suriname, mwaka 1935, akahamia Amsterdam. Hakutaka kupigwa picha wala kuhojiwa. Alichofanya maisha yake yote ni kuhesabu hatua zake na kupima dunia kwa mwili wake: mguu wake, mkono wake, hatua yake, akiviweka kama vipimo rasmi mbele ya mita. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alikuwa anawasimamisha wapita njia, anawaomba wamchoree kwenye karatasi njia ya kufika mahali fulani, halafu anaigonga karatasi muhuri. Karatasi hizo sasa zinatunzwa kwenye makumbusho makubwa. Yeyote aliyewahi kuelekezwa nyumba ya msiba Chanika, "pita kwa mangi, ukifika kwenye mwembe uliokatwa usikate, wa pili ndio ukate," anajua thamani ya vielelezo hivyo, na anajua pia kwa nini Brouwn hakufika.

Lakini hatua ndiyo kazi yenyewe. Kiwanja cha Chanika kisichopimwa huuzwa kwa hatua, na hatua ni za dalali. Mwangalie anavyopima. Anasimama kwenye kona penye mnyaa, anavua kofia, anaanza. Hatua ya kwanza ni ndefu, ya kishujaa. Suruali karibu ichanike. Ya pili na ya tatu vilevile, huku akihesabu kwa sauti ili na jirani asikie. Ikifika ya tisa, anaanza kukusimulia habari za mteja mwingine aliyetaka eneo hilihili, na miguu inapungua kasi pamoja na sauti. Kuanzia kumi na tano anatembea kama bibi harusi. Ishirini inatimia palepale alipotaka itimie, hatua mbili kabla ya mchongoma wa jirani, na zile mbili zilizobaki zinaitwa njia.

Ukisema unaleta mpwa wako mrefu apime upya, muuzaji atakataa, tena kwa hoja nzito: kipimo cha mtaa huu ni huyu. Amepima cha Mama Mchungaji, amepima cha mwalimu, akibadilishwa leo mtaa mzima utasogea. Brouwn aliishi akidai haki hiihii kwa mwili wake na hakuna serikali iliyompa. Dalali wetu kapewa na watu wenyewe, na analipwa pande zote mbili.

Kwa barabara usihangaike. Richard Long, mwaka 1967, alitembea kwenda na kurudi kwenye uwanja wa majani huko Uingereza mpaka ukatokea mstari, akaupiga picha, ikawa kazi maarufu. Barabara ya mtaani kwenu ilichongwa hivyohivyo, tofauti ni kwamba sisi tuliendelea kutembea. Mwaka 2022, kabla ya Sensa ya Agosti, operesheni ya anwani za makazi ikaja kuikamilisha: kimstari kinachopita katikati ya mihogo kikapata nguzo ya chuma na kibao chenye jina la barabara.

Tafuta mwenye muhuri

Mwanafalsafa Arthur Danto aliingia kwenye maonyesho ya Andy Warhol mwaka 1964 akakuta maboksi ya sabuni ya Brillo yanayofanana na yale ya dukani. Alikwenda nyumbani na swali zito: kama macho hayaoni tofauti, kwa nini haya ni sanaa na yale ni mizigo? Jibu lake, kwa kifupi, ni kwamba kuna kitu ambacho jicho haliwezi kukiona, nacho ni nadharia, historia, mazingira ya wanaojua. Miaka kumi baadaye George Dickie akalileta jibu hilo karibu na ofisi ya kata: kitu kinakuwa sanaa pale mtu anayekaimu kwa niaba ya taasisi ya sanaa anapokipa hadhi hiyo.

Simama pale ambapo makazi ya Chanika yanakutana na Msitu wa Hifadhi wa Kazimzumbwi. Chukua vipande viwili vya ardhi, udongo mwekundu uleule, upupu uleule, muuzaji ana tabasamu lilelile. Kimoja ni kiwanja. Kingine ni hifadhi, na migogoro ya mipaka pamoja na kuondolewa kwa watu imejirudia huko tangu miaka ya 1990. Macho hayakusaidii chochote. Danto alihitaji boksi la sabuni kulielewa jambo hili. Wapo waliolielewa baada ya kufikisha msingi usawa wa jamvi.

Kwa hiyo tafuta mwenye kukaimu. Taasisi yetu ina ngazi. Yupo mjumbe, ambaye kisheria si lazima awepo, lakini jaribu kuuziana bila yeye uone. Yupo mwenyekiti wa serikali ya mtaa, mwenye muhuri na daftari. Kuna mashahidi wawili wa kila upande, angalau mmoja awe mzee anayekumbuka mipaka ya marehemu. Na kuna ile "ya ofisi", inayohesabiwa kwa asilimia na isiyo na risiti. Baada ya hapo karatasi ya mauziano itakuwa na sahihi nyingi kuliko cheti chochote cha LeWitt. Je, ni hati? Hapana. Hati inatoka kwingine, baada ya mchoro wa mipango miji, upimaji na bikoni, na hata hiyo inakupa haki ya kukalia kwa miaka isiyozidi 99, kwa kuwa ardhi yote ni ya umma na mdhamini wake ni Rais. Maana yake, juu kabisa ya ngazi hii, mwenye hati na asiye na hati wote wanamiliki wazo. La mmoja limepigwa chapa vizuri zaidi.

Waheshimu waliotangulia

Usijivune mapema ukadhani wewe ndiye msanii mkubwa wa dhana katika jiji hili. Nafasi hiyo imeshachukuliwa, na mwenye nayo, yaani serikali, ameacha kazi tatu zisizo na mfano: mipango mikuu ya Dar es Salaam ya mwaka 1949, 1968 na 1979.

Wakoloni walikuwa hawafichi. Wajerumani waliohamishia makao yao hapa mwaka 1891 walianza kugawa mji kwa aina ya majengo, na Waingereza wakaendeleza hadi kila mtu akajua pake: Uzunguni kwenye upepo wa bahari, Uhindini kwenye maduka, Uswahilini kuanzia Kariakoo, na katikati wakaacha uwanja mtupu kuwatenganisha. Uwanja huo ni Mnazi Mmoja. Mpango wa 1949 uliandikwa na kampuni ya Sir Alexander Gibb ya London. Baada ya uhuru ungetarajia mwandishi abadilike, na kweli alibadilika: wa 1968 ulitoka Toronto, na wa 1979 ukatoka Toronto pia, kwa kampuni nyingine. LeWitt alikuwa na desturi hiyo. Anaandika maelekezo ya mchoro wa ukutani, anayatuma, na watu wengine mbali naye wanashika penseli. Ila kwake ukuta ulikuwa unasubiri.

Huku kwetu ukuta ulikuwa unatembea. Sensa ya 1967 ilihesabu watu 270,000 hivi Dar es Salaam. Ya 1978 ikahesabu zaidi ya 840,000. Ya 2022 ikafika milioni 5.38. Mpango wa 1979 ulitengenezwa uishi miaka 20, ukakutana na uchumi uliokuwa umekatika mgongo, ofisi ya ardhi isiyo na mafuta ya gari la wapimaji, na foleni ya maombi ya viwanja ambayo mtu aliweza kuzeekea. Wakati huo maelfu ya wafanyakazi wa mjini walikuwa wameshajua njia ya kwenda Pugu, Chanika na Kisarawe. Kilimo cha Kufa na Kupona mwaka 1974 kiliwahimiza hata makarani wawe na shamba. Mtu alianza na mihogo. Mshahara ulipoacha kutosha akaongeza kibanda cha kulala wikiendi. Watoto walipokua akahamia, na mwenyeji Mzaramo wa jirani, aliyekuwa na ekari tano za mikorosho na ada za shule za kulipa, akaanza kukata vipande. Hakuna mpango wowote uliosema hivyo. Wengi wa wakazi wa jiji hili, zaidi ya asilimia 70 kwa makadirio yanayotajwa kila siku, wanaishi kwenye mitaa iliyozaliwa kwa namna hiyo.

Kisha mwaka 2002 ukaja mradi wa viwanja 20,000, ambao uliishia kupima zaidi ya 30,000, na Buyuni, majirani zetu wa hapa karibu, ilikuwa moja ya sehemu zake. Mimi hii naiweka juu kuliko zote kwa usafi wa kisanaa. Bikoni zilisimikwa. Barabara zilichorwa kwa rula. Wenye pesa walinunua, wakapata hati, wakaziweka kwenye kabati Sinza au Mikocheni. Kwa miaka mingi kilichosimama juu ya viwanja vingi vya mradi ni kichaka, na mbuzi wa mtu asiye na kiwanja. Ng'ambo ya barabara, pasipopimwa, palikuwa na nyumba, msikiti, kanisa, baa mbili na foleni ya maji.

Acha nyumba isiishe

Hapa ndipo utakapotumia miaka yako, kwa hiyo sikiliza.

Mwaka 1968 Lawrence Weiner alitoa tamko lenye masharti machache: msanii anaweza kuijenga kazi mwenyewe, anaweza kuwapa wengine waijenge, na si lazima ijengwe. Njia zote tatu zina hadhi sawa. Chukua tamko hilo, weka nyumba mahali pa kazi, na utakuwa umeandika wasifu wa ujenzi wa Chanika tangu miaka ya 1990.

Anza na ramani. Usimlipe mchoraji. Mwite fundi asubuhi, kabla jua halijakuwa kali, aokote kipande cha nondo achore kwenye mchanga: "Hapa sebule, hapa jiko, hapa masta, hapa choo cha wageni." Wewe unatembea ndani ya mistari, unafungua milango isiyopo, unakaa kwenye kochi. Mkeo anasema jiko dogo; fundi anafuta kwa kandambili, jiko linakua. Saa hiyo nyumba imekamilika kuliko itakavyowahi kukamilika tena. LeWitt alikiri kwamba maelekezo yakifika kwa mtendaji yanaeleweka kwa namna yake, na akalikubali hilo kama sehemu ya kazi. Nawe kubali. Ukirudi baada ya wiki mbili utakuta masta imeingia koridoni, na fundi atakupokea kwa bashasha: "Bosi, hapo nimekuongezea kidogo." Tofali 200 zaidi, na hujapewa risiti.

Baada ya msingi, pesa inaisha. Hili si tatizo, ndiyo mbinu. Hakuna benki inayokukopesha juu ya karatasi ya mjumbe, kwa hiyo nyumba inajengwa kwa vipande: mwaka wa msingi, mwaka wa tofali, mwaka wa renta, mwaka wa mazishi ya baba ambao hakikuongezeka kitu, mwaka wa kupaua. Robert Smithson alipanda basi kutoka New York tarehe 30 Septemba 1967 kwenda Passaic, kitongoji alichozaliwa, akapiga picha mabomba, madaraja na barabara mpya iliyokuwa inajengwa. Akaandika kwamba kule magofu yanakwenda kinyumenyume: jengo haliporomoki likawa gofu, linaanza gofu ndipo lipande. Alifika hitimisho hilo kwa safari ya siku moja. Panda daladala Gongo la Mboto, pita Pugu, ukate kuelekea Chanika, na uangalie upande wowote wa dirisha. Mapagala yamefuatana yakiwa na grili madirishani, maana grili huwekwa mapema ili wezi wasiibe hewa. Ndani ya sebule kuna mahindi yamefika kiunoni. Kwenye masta kuna mpapai. Chumba kimoja cha nyuma kimeezekwa kwa bati kuukuu, na humo anaishi kijana wa kutoka kijijini aliyeletwa kulinda. Ameoa humo, ana watoto wawili, na anaijua nyumba hiyo kuliko utakavyoijua wewe.

Wenzetu walikuwa na njia nyingine. Mwaka 1947 William Levitt alianza kujenga Levittown, nje ya New York: shamba la viazi likageuka nyumba zaidi ya 17,000 ndani ya miaka minne, zikitoka kama magari kiwandani, hadi 30 kwa siku. Benki ilikopesha, serikali ilidhamini, barabara ilisubiri gari, na mkataba ukawakataza weusi kuingia. Dan Graham alivipiga picha vitongoji vya aina hiyo huko New Jersey akavichapisha katika jarida la Arts Magazine mwishoni mwa 1966, kwa jina la Nyumba za Amerika, na kilichomvutia ni kule kurudiarudia: aina chache za nyumba, rangi chache, zinapangwa na kupangwa upya mpaka mtaa unakuwa jedwali. Graham angekuja Chanika angekufa njaa. Hakuna nyumba mbili zinazofanana. Ya huyu ina nguzo nne za Kirumi na haina choo. Ya yule ina choo kizuri sana na haina ukuta wa mbele. Na hakuna mkopo wa miaka 30 juu yake. Wamarekani wengi walihamia kwenye nyumba iliyokwisha wakaanza kulipa. Huku mtu analipa kwanza yote, ndipo anahamia, akiwa na pazia mahali pa mlango.

Kuna tofauti moja ambayo wahakiki wa sanaa hawaisemi. Wazo la Weiner lisipojengwa, hakuna anayelowa.

Mambo madogomadogo

Andika ukutani. Kosuth alitundika maneno mahali pa picha, na kanga ilikuwa imefanya hivyo kabla hajazaliwa. Kwako inatosha "ENEO HILI HALIUZWI, OGOPA MATAPELI", kwa herufi kubwa na namba ya simu. Watu watauliza kwa nini eneo lisilouzwa lina namba ya simu. Waache waulize, ndiyo kazi ya sanaa.

Ukiuziwa kiwanja kilichokwisha kuuzwa kwa wengine wawili, usimfananishe muuzaji na Yves Klein. Klein, kati ya 1959 na 1962, aliuza utupu kwa dhahabu huko Paris, akatoa risiti, na mnunuzi aliyekubali kuichoma risiti alimwona msanii akitupa nusu ya dhahabu mtoni. Lakini alitamka wazi kwamba anauza utupu. Wako alisema hakina mgogoro.

Na jirani akijenga uzio, kiwanja chako kikabaki katikati bila njia, fahamu kwamba Gordon Matta-Clark alivitafuta vya namna hiyo kwa makusudi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alinunua kwenye mnada wa jiji la New York vipande 15 vya ardhi vilivyosahaulika, vingine vyembamba kama uchochoro na vingine visivyofikika, kwa dola 25 hadi 75 kimoja. Vilirudi kwa jiji baadaye kwa sababu ya kodi. Wewe chako kilikugharimu kiinua mgongo.

Wahakiki wapo, na wao ndio pekee wanaotumia rangi. Ni nyekundu, na alama yao ni X. Mwaka 2017 walipita kando ya Barabara ya Morogoro kuanzia Kimara kuelekea Kiluvya, na nyumba nyingi zilizokuwa ndani ya hifadhi ya barabara zikabomolewa, zikiwemo zenye umeme na maji ya bomba. Jifunze kutoka kwao: usiende karibu sana na lami ambayo dalali anaisifia.

Ukishindwa, ukamaliza

Ajali hutokea. Mtoto anapata kazi, au mafao yanatoka kwa wakati, na ghafla nyumba ina plasta, ina geti, ina mita ya umeme. Kuanzia hapo serikali imekuona: kodi ya jengo, iliyoanza kukatwa kwenye LUKU mwaka 2021 kwa shilingi 1,000 kwa mwezi na kupanda hadi 1,500 mwaka 2023, itakuwa inakatwa kila mwezi unaponunua uniti. Wageni watakuja na kusema nyumba nzuri. Hakuna atakayekuuliza tena umefikia wapi, na utagundua kwamba kwa miaka kumi na mitano hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yako yote kazini, msibani na kanisani.

Tiba ipo na si ghali. Namba ya dalali bado unayo. Mpigie. Atakwambia Chanika sasa ni mjini, bei hazishikiki, lakini kuna mzee upande wa Kisarawe anakata ekari mbili, tambarare, umeme upo jirani, na lami, bosi wangu, inapita palepale. Muulize nauli ni shilingi ngapi, umwambie unakuja Jumamosi.